Al-Farabi: Mtaalamu aliyezipima ala kwa sauti ya mwanadamu

Huenda msomaji amewahi kukisikia kisa hiki, maana kimesimuliwa katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka mia saba. Yasemekana siku moja mgeni aliyevaa nguo za Kituruki aliingia katika baraza ya Amiri Saif ad-Dawla, mtawala wa Halab katika nchi ya Sham. Hakungoja kukaribishwa. Alipita mbele ya wakubwa wote mpaka akafika kwenye kiti cha amiri mwenyewe akakaa. Wanazuoni waliokuwapo walijadiliana naye, akawashinda mmoja mmoja hata wakanyamaza, wakawa wanaandika tu ayasemayo. Kisha wakaletwa wapigaji muziki mashuhuri, na kila aliyepiga mgeni alimtoa kosa. Amiri alipomuuliza kama kazi hiyo naye anaijua, alitoa kifuko, akatoa vijiti ndani yake, akaviunga na kupiga. Watu wote wakacheka. Akavifungua, akavipanga namna nyingine, akapiga, watu wakalia. Mara ya tatu akavibadili tena, na alipopiga wote walishikwa na usingizi, hata bawabu mlangoni. Mgeni akaondoka polepole, akawaacha wamelala.

Mgeni wa kisa hicho ni Abu Nasr Muhammad al-Farabi, ambaye wanazuoni walimwita Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle wa Uyunani. Kisa ni kitamu, lakini aliyekiandika, Ibn Khallikan, alikufa mwaka 1282, yaani miaka zaidi ya mia tatu baada ya Al-Farabi kufariki. Tena Ikhwanus Safa, wale wanachuoni wa Basra walioandika nyaraka zao katika karne ya kumi, wamesimulia kisa kinachokaribia kuwa hicho hicho, nao hawakumtaja mpigaji kwa jina. Yaonyesha kwamba hadithi ilikuwa ikitembea haina mwenyewe, kisha ikampata mwenyewe wa kufaa.

Lakini ubaya wa hadithi hii si kwamba ina chumvi. Ubaya wake ni kwamba imeificha kazi aliyoifanya mtu huyu. Wengi wanakijua kile kifuko cha vijiti, na wachache wanajua ya kwamba Al-Farabi alikaa chini akaiangalia kila ala ya muziki aliyoikuta katika zama zake, akaeleza imefungwaje, inatoa sauti gani, na kazi yake ni ipi. Habari hiyo ndiyo tutakayoieleza leo, na sisi watu wa pwani tunayo haki ya kuijua, kwani baadhi ya ala alizozieleza tungali tunazo.

MWANA WA FARABU

Al-Farabi alizaliwa kiasi cha mwaka 870, katika nchi ya Farabu kandokando ya mto Syr Darya. Nchi hiyo hii leo imo kusini mwa Kazakhstan. Watu wamebishana sana juu ya asili yake, wengine wakisema ni Mturuki na wengine wakisema ni Mwajemi. Sisi yatutosha kujua kwamba Kiarabu hakikuwa lugha ya nchi aliyozaliwa, bali alijifunza, na karibu vitabu vyake vyote vilivyobaki viko kwa lugha hiyo.

Alikwenda Baghdad, mji uliokuwa kitovu cha ilimu wakati huo. Huko alisoma mantiki kwa mwalimu wa Kikristo aitwaye Yuhanna bin Hailan. Yasimuliwa pia kwamba alisoma nahau ya Kiarabu kwa bingwa Ibn as-Sarraj, na kwa malipo yeye akamsomesha Ibn as-Sarraj mantiki. Hakuwa mtu wa kutafuta vyeo. Alikaa Baghdad miaka mingi akisoma, akisomesha na kuandika, na mambo aliyoyaandika yalikuwa mengi: mantiki, siasa ya mji mwema, mgawanyo wa ilimu, na muziki.

Msomaji asistaajabu kuona muziki umetiwa pamoja na ilimu hizo. Wanazuoni wa zama zile waliuhesabu muziki kuwa tawi la hisabati, ndugu wa ilimu ya nyota na ya hesabu. Kabla ya Al-Farabi, Al-Kindi alikwisha kuandika juu ya udi na nyuzi zake. Lakini Al-Farabi aliona vitabu vya Wayunani vilivyofasiriwa havikutosha, mahali pengi vilikuwa na upungufu au maneno ya kufungana. Basi waziri mmoja wa Baghdad, Abu Jafar al-Karkhi, alipomtaka amwandikie kitabu cha ilimu hiyo, aliandika Kitabul Musiqa al-Kabir, maana yake Kitabu Kikubwa cha Muziki.

MAFUNDI KABLA YA VITABU

Jambo moja katika kitabu hicho lapasa kutajwa kwanza, kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote. Wengi katika wanafalsafa waliamini, kwa kuwafuata wafuasi wa Pythagoras, kwamba nyota na sayari zinapozunguka hutoa sauti za muziki, na kwamba muziki wa wanadamu ni mwangwi wa muziki huo wa mbinguni. Al-Farabi alilikataa jambo hilo. Kwake yeye muziki ulianza kwa watu: kwa mtu kutaka kupumzika, kutaka kuliwaza jambo lililomuuma, kutaka neno lake liingie zaidi katika moyo wa msikizaji. Kuimba kulitangulia, kisha zikatengenezwa ala, na mwisho kabisa ndipo ikaja ilimu ya kueleza kwa nini sauti hii yapatana na ile.

Kwa hiyo hakudharau mafundi. Alisema kwamba mwenye kuandika juu ya muziki lazima awe na sikio lililozoea, na pale hesabu inapopingana na kile ambacho masikio ya wajuzi wamekikubali, si halali kuyapuuza masikio. Mwenye kujua namna wanavyofundishwa vijana wetu kupiga udi ataona ukweli wa maneno haya. Kijana hukaa karibu na fundi, hutazama vidole, husikia, hukosea, hurekebishwa. Kitabu kikija, kinakuja baadaye.

UDI NA NYUZI ZAKE

Ala aliyoieleza kwa urefu kuliko zote ni udi. Udi wa wakati wake ulikuwa na nyuzi nne. Uzi mnene kuliko zote uliitwa bamm, wa pili mathlath, wa tatu mathna, na ule mwembamba zir. Shingoni palifungwa mafundo ya utumbo wa kuonyesha mahali pa kubana uzi, na kila mahali pakaitwa kwa jina la kidole: kidole cha shahada, cha kati, cha pete, na cha mwisho. Udi tunaoujua sisi hauna mafundo hayo, mpigaji hupajua mahali kwa mkono na sikio lake.

Al-Farabi alionyesha kwamba kwa nyuzi nne, mkono ukiwa umetulia mahali pamoja, mpigaji hawezi kupata ngazi mbili kamili za sauti. Ngazi moja kamili ni ule mwendo wa kutoka sauti nene kupanda mpaka kuirejea sauti ile ile ikiwa nyembamba. Ili ngazi mbili zitimie, alieleza namna ya kuongeza uzi wa tano chini ya zir. Naam, nyuzi za udi zikaja kuzidi hata hapo, na udi wa siku hizi kwa kawaida una nyuzi kumi na moja, kumi kati yake zikiwa jozi tano na mmoja ukiwa peke yake.

Alieleza pia jambo la kidole cha kati ambalo hata leo lina maana. Huko Baghdad, katika siku za Khalifa Harun ar-Rashid, alikuwako mpiga udi mkubwa aliyeitwa Zalzal. Yeye alifunga fundo la kidole cha kati mahali papya, baina ya sauti mbili zilizozoeleka, wala si juu wala si chini. Watu waliipenda sauti hiyo ikabaki, na Al-Farabi akaipima na kuiandika kwa hesabu. Sauti za namna hiyo ndizo zinazoupa muziki wa Kiarabu ladha yake. Udi waweza kuitoa, fidla yaweza, na koo la mwimbaji laweza. Kinanda cha vidutu kilichotengenezwa Ulaya, au kodiani, hakina mahali pa kuitoa, kwa kuwa kati ya kidutu kimoja na kinachofuata hapana kitu. Hivyo basi kinanda kilipoingia katika taarabu kilileta nguvu na wingi wa sauti, lakini pia kilizifungia nje baadhi ya sauti za zamani. Al-Farabi hakukijua kinanda, lakini hesabu yake ndiyo inayotuwezesha kueleza ni kitu gani hasa sikio la mzee linakikosa.

TUNBURI MBILI, NCHI MBILI

Baada ya udi alizieleza tunburi, ala zenye shingo ndefu na nyuzi mbili. Alikuta ziko za namna mbili. Tunburi ya Baghdad ilipigwa Iraki na nchi za karibu nayo, na mafundo yake ya asili yalikuwa yamekaribiana sana, yakifuata desturi ya kale tangu zama za jahiliya. Tunburi ya Khurasani ilipigwa mashariki na kaskazini, na umbo lake likabadilika nchi hata nchi. Katika tunburi hii aliona kwamba baadhi ya mafundo yako mahali pamoja kila aendako, na mengine huhamishwa kwa mapenzi ya mpigaji na desturi ya mji wake.

Kwa maneno mengine, alitambua kwamba ala haina kanuni moja ya dunia nzima. Pana sehemu yake isiyobadilika, ambayo ndiyo inayoifanya iwe ile ala, na pana sehemu ambayo kila watu huifanya kwa ladha yao. Sisi tumeyaona hayo kwa macho yetu. Gambusi, ambayo wazee wengi waliiita kinanda, ilivuka bahari kutoka Uarabuni ikakaa Lamu na visiwani, na huku ikapigiwa nyimbo za Kiswahili na mahadhi ya Kiswahili. Chombo ni kile kile, lakini lugha imebadilika.

DARAJA ZA ALA

Hapa twafika kwenye kiini cha kazi yake. Al-Farabi alijiuliza ni kwa kipimo gani tunaweza kusema ala hii ni kamili zaidi kuliko ile. Hakupima kwa ukubwa wa sauti, wala kwa thamani ya mti, wala kwa heshima ya mwenye kuipiga. Alipima kwa sauti ya mwanadamu. Sauti ya mwanadamu ina kila kitu: yaweza kuwa nene na nyembamba, yaweza kuvutwa na kukatwa, yaweza kutetemeka kwa huzuni au kuchangamka kwa furaha, na juu ya hayo yaweza kubeba maneno. Kwa hiyo aliiweka daraja ya kwanza, na kila ala akaipanga kwa kadiri inavyoikaribia.

Daraja inayofuata aliwapa rababu na ala za kupuliza, kama zumari. Rababu ni chombo ambacho uzi wake haudonolewi bali huvutwa kwa uzi mwingine, na maelezo yake ni katika ya mwanzo kabisa kuandikwa juu ya ala zinazopigwa kwa uta. Sababu ya kuzitanguliza ni kwamba sauti yake huendelea, haifi mara ipigwapo, kama vile sauti ya mwimbaji inavyoendelea maadamu ana pumzi. Udi na jamii yake zikafuata, kwa kuwa uzi ukidonolewa sauti huanza kufifia papo hapo, na mpigaji hana budi kuurudia. Daraja ya mwisho zikawa ngoma, matari, makofi, na kucheza. Makofi na ngoma ni mwendo unaoishia katika pigo lenye mlio, na kucheza kwa mabega na nyusi ni mwendo usio na mlio wowote, lakini vyote ni vya jamii moja kwani vyote hushika mizani.

Mpiga ngoma asikasirike. Daraja hizi si za cheo cha watu, ni za kuonyesha kila ala inatenda nini. Tukiitazama taarabu kwa macho hayo tutaielewa vizuri zaidi. Mwimbaji yuko mbele kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno. Fidla na nai humfuata nyuma, zikimjibu na kuuendeleza mstari wake anapovuta pumzi, kwa kuwa ndizo zinazofanana naye. Udi na kanuni hutandika chini, hutoa alama za njia. Dumbaki na rika hushika mizani ili wote wafike pamoja. Kila mmoja ana mahali pake, na anayeacha mahali pake akatafuta kusikika zaidi ya mwimbaji huharibu kazi.

KILA ALA NA SHUGHULI YAKE

Al-Farabi alijua pia kwamba si kila ala imetengenezwa kwa ajili ya kuimbiwa. Alieleza kwamba ziko ala za vita, ziko za kuchezea, ziko za harusi na karamu, na ziko za nyimbo za mapenzi. Ala ya vita yatakiwa iwe na sauti kubwa ya kusikika mbali, hata ikiwa haina utamu. Ukiileta ndani ya chumba itaumiza masikio, na ukiipeleka udi vitani haitasikika.

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu hazikuwa za kupigia nyimbo. Zilikuwa za enzi na za shughuli kubwa. Nzumari ina sauti kali kwa sababu kazi yake ni uwanjani, katika ngoma na harusi, ipate kupenya juu ya vishindo. Tari la maulidi lina kazi nyingine kabisa, la kuwashika wasomaji katika mwendo mmoja. Ala hizo tatu mtu akizipima kwa kipimo kimoja atazionea zote.

Aidha alizigawa nyimbo zenyewe mafungu matatu. Ziko za kuiburudisha nafsi tu na kuipumzisha. Ziko zinazoleta picha katika fikira za msikizaji. Na ziko zinazotoka katika hali ya moyo, kama huzuni, huruma au ghadhabu, na kuitia hali hiyo kwa anayesikia. Zilizokusanya yote matatu pamoja na maneno ya shairi jema, hizo aliziona ndizo bora. Labda hapa ndipo ilipotoka hadithi ya kucheka, kulia na kulala: yale aliyoyapanga kwa ilimu, wasimulizi wakayageuza kuwa mazingaombwe.

HAKI YA KILA MWENYE KAZI

Ibn Khallikan huyo huyo aliandika kwamba yasemekana Al-Farabi ndiye aliyeitunga kanuni. Wapo wanaoamini hivyo hata leo. Lakini yeye mwenyewe hakudai hivyo katika Kitabu Kikubwa. Na mtu huyu alikuwa mwangalifu sana katika kumpa kila mtu haki yake. Alipoieleza shahrudi, ala mpya yenye sauti nyingi, alimtaja kwa jina mtu wa Sughdi aliyeitengeneza, na mwaka wenyewe, 306 Hijria, ambao ni sawa na 918 au 919. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuvikwa sifa ya kazi isiyo yake.

Mwaka 942, Baghdad ikiwa imeharibika kwa fitina na njaa, Al-Farabi aliondoka akaenda Sham. Kitabu chake juu ya mji mwema alikianza Baghdad akakimaliza Dameski. Baadaye alipata ulinzi wa Saif ad-Dawla, naye amiri alikuwa tayari kumpa mali, lakini yasimuliwa kwamba alikubali dirhamu nne tu kwa siku, za kumtosha chakula chake. Alisafiri mpaka Misri, akarudi Sham, akafa Dameski katika mwezi wa Rajabu mwaka 339 Hijria, ambao uliangukia Desemba 950 na Januari 951. Alikuwa amekaribia miaka themanini. Yasemekana amiri mwenyewe alimsalia pamoja na watu wachache, akazikwa nje ya lango liitwalo Babu Saghir.

Si wote waliomkubali. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliwapinga vikali wanafalsafa, na Al-Farabi alikuwa mmojawapo. Na juu ya ala za muziki, masheikh wamehitilafiana tangu zamani. Ghazali mwenyewe, katika Ihyaa, aliruhusu kusikiliza kwa masharti, na baadhi ya ala akazikataza kwa sababu zilikuwa alama ya walevi. Suala hilo lina wenyewe, nasi hatulifungui hapa. Lakini hata anayekataza hana budi ajue anachokikataza ni kitu gani, na katika kukijua kitu hicho, Al-Farabi ni mwalimu wa wote wawili.

Kitabu chake hakikupotea. Nakala zilihifadhiwa, na katika miaka ya 1930 na 1935 tafsiri yake kwa Kifaransa, kazi ya Rodolphe d'Erlanger aliyekuwa akiishi Tunisia, ilitolewa katika majuzuu mawili. Baina ya majuzuu hayo, mwaka 1932, wapigaji na wataalamu walikutana Kairo katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Kazakhstan nayo imekiita kwa jina lake chuo kikuu chake kilichoko Almaty.

Huku kwetu, Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye anayesimuliwa kuwa alimpeleka kijana Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, jina lile lile la wale wanachuoni wa Basra. Kwa njia hiyo udi na kanuni zilifika mikononi mwa mafundi wetu, na wengi wao hawakupata kukisoma Kitabu Kikubwa hata ukurasa mmoja. Mwenyewe asingechukizwa. Alikwisha kuandika kwamba fundi hutangulia, na mwenye kalamu hufuata nyuma akisikiliza. Mwenyezi Mungu amrehemu.